Si kila mnyoo ni kichocho: somo nililolipata kwenye kijito cha Bomet

Kosa lilikuwa langu mwenyewe, na ni heri niliseme mwanzo.

Mimi ni mwalimu wa sayansi, mzaliwa wa Msambweni, na huu ni mwaka wa nne nafundisha upande wa Konoin, kaunti ya Bomet, katikati ya chai. Atokaye Msambweni hahitaji kuelezwa kichocho. Tumekua nacho. Kaka yangu alikojoa damu akiwa darasa la tano, na marehemu mama hakumruhusu tena kuoga bwawani mpaka alipobaleghe. Kwa hiyo siku ile nilipowapeleka wanafunzi kwenye kijito kilicho chini ya shule, nao wakapindua jiwe na kupiga kelele, "Mwalimu, minyoo!", mimi sikutazama mara mbili. Nilimwona mdudu bapa, mwepesi, wa rangi ya udongo, akiteleza juu ya jiwe. Nikasema kwa sauti, "Tokeni majini! Hicho ni kichocho!"

Neno lile lilifika vijijini kabla ya wanafunzi wenyewe. Kijito chenyewe kinatoka kwenye chemchemi ambayo nyumba nyingi huchota maji ya kunywa. Wiki ile ile mtoto wa nyumba moja alikuwa akiharisha. Watu wakajumlisha hili na lile. Kufikia Jumanne, mama anayeniuzia maziwa alinisimamisha njiani akaniambia kwamba kina baba wamekubaliana kukutana kwenye kituo cha kununulia chai, na kwamba mmoja wao ameahidi kuleta lita nzima ya dawa ya kupe aimwage kwenye chemchemi, minyoo ife yote.

"Na mwalimu," akasema, "wewe ndiye uliyesema."

Usiku ule sikulala vizuri. Dawa ya kupe imetengenezwa kuua wadudu wa ngozi ya ng'ombe. Nyingi kati ya dawa hizi ni sumu kali kwa samaki na wadudu wa majini, na hakuna hata moja iliyotengenezwa ili mtu ainywe. Maji ya huku hayakai mahali pamoja. Vijito vya Konoin huingia mito kama Kipsonoi na Itare, nayo huungana kuwa mto Sondu, na Sondu humwaga ziwa Viktoria. Ukitia sumu juu, walio chini wanainywa.

Ikanibidi kujibu swali ambalo nilipaswa kujiuliza tangu mwanzo: yule alikuwa mnyoo gani?

Kipande cha ini na kioo cha kukuzia

Asubuhi nilinunua ini la ng'ombe la shilingi hamsini, nikalifunga kipande kwa uzi, nikalitumbukiza kijitoni karibu na mawe. Ni njia ya zamani ya kuwanasa. Baada ya muda mfupi walianza kuja, mmoja, wawili, kisha saba. Nikawatia kwenye sahani nyeupe na kuwaangalia kwa kioo cha kukuzia.

Urefu wao ulikuwa kama sentimita moja. Kichwa cha pembe tatu, na juu yake macho mawili yaliyoelekeana, kama mtu mwenye makengeza. Hawakujikunja na kujikunjua kama ruba, wala hawakuwa na vikombe vya kufyonzea mbele na nyuma. Hawakuwa na pingili kama nyungunyungu. Waliteleza tu, kama tone la mafuta juu ya maji, kwa sababu upande wa chini wamefunikwa na vinyweleo vidogo mno vinavyopiga makasia. Mmoja alipofika kwenye ini, alitoa mrija kutoka katikati ya tumbo lake akaanza kunyonya. Mdomo wake hauko kichwani. Uko tumboni.

Huyo ndiye planaria. Hamdhuru mtu. Anakula wadudu wadogo, konokono wachanga na mizoga. Hawezi kuishi ndani ya mwili wa binadamu.

Jambo moja lilinitia aibu zaidi ya yote, kwa kuwa nilikuwa nalijua na huwa nalifundisha. Mnyoo wa kichocho mkubwa haonekani kamwe kwenye jiwe la mtoni. Anaishi ndani ya mishipa ya damu ya mtu. Theodor Bilharz, daktari Mjerumani, alimgundua Kairo mwaka 1851 alipokuwa akipasua maiti. Kinachokuwa majini ni vitoto vyake, na hivyo ni vidogo hata ni shida kuviona kwa macho. Tena kabla ya kumfikia mtu ni lazima vipitie ndani ya konokono wa aina maalumu. Kwa hiyo mnyoo unayemwona waziwazi akitembea juu ya jiwe, lolote liwalo, si kichocho. Hata huko kwetu Msambweni kanuni hii ni ile ile.

Mzee na ini la ng'ombe

Nilidhani nimemaliza. Nikaenda kituoni na sahani yangu, nikaeleza. Watu walisikiliza kwa adabu. Kisha mzee mmoja, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akichinja ng'ombe sokoni, aliomba kuangalia. Aliinama, akatazama kwa muda mrefu, akasema:

"Mwalimu, huyu ni bapa kama yule tunayemkuta kwenye ini la ng'ombe. Yule anakondesha ng'ombe mpaka anakufa. Unasemaje huyu hana ubaya?"

Wallahi, hilo ni swali bora kuliko mengi niliyoulizwa darasani. Mzee alikuwa sahihi. Mnyoo wa ini la ng'ombe, ambaye wataalamu humwita *Fasciola gigantica*, na planaria wa kijitoni ni jamaa. Kichocho naye ni jamaa yao. Tegu pia. Wote ni minyoo bapa, na ubapa wao una sababu: hawana mapafu, hawana mashavu kama ya samaki, wala hawana mishipa ya kusambaza damu. Hewa huingia kwa ngozi, na lazima ifike kila mahali mwilini kwa kupenya tu. Mwili mnene usingepata hewa katikati. Wengi wao hata hawana njia mbili za chakula. Kinachoingia kwa mdomo, mabaki yake hutokea pale pale.

Basi swali la mzee lilinilazimisha nieleze jambo ambalo hata vitabu vya shule hulipita haraka. Minyoo hawa wamepangwaje, na nani aliyewapanga?

Kapu liitwalo Turbelaria

Mwaka 1831 Mjerumani Christian Gottfried Ehrenberg aliwapa minyoo bapa wanaoishi huru jina la Turbelaria. Neno hilo linatokana na Kilatini, lenye maana ya vurugu ndogo ya maji, kwa sababu vinyweleo vyao huyazungusha maji wanapopita. Baada yake wataalamu walizoea kuwagawa minyoo bapa katika mafungu makubwa: Turbelaria wanaojitegemea, minyoo ya majani kama ya ini na kichocho, na tegu. Kila mwanafunzi wa sayansi wa umri wangu alikariri hivyo.

Ukiangalia kwa makini utaona kwamba mgawanyo huo haukufuata ukoo. Ulifuata tabia. Wale wanaojitafutia riziki waliwekwa huku, na wale wanaokaa ndani ya miili ya wengine wakawekwa kule. Ni kama mtu aandike ukoo wa babu yake, kisha awafute wajukuu waliogeuka wezi na kuwaandikia ukurasa mwingine.

Walipochunguza ngozi, wataalamu waliona kitu. Kitoto cha kichocho kinachotoka kwenye yai kina vinyweleo na huogelea kama planaria. Kikifika kwa konokono, huvua ngozi ile yenye vinyweleo na kuota mpya itakayomwezesha kuishi ndani ya mwili wa mwingine. Tegu na mnyoo wa ini nao hupitia mabadiliko ya namna hiyo. Mwaka 1985 Mjerumani Ulrich Ehlers aliwapa wote hao jina moja, Neodermata, yaani wenye ngozi mpya. Ushahidi wa vinasaba uliokuja baadaye ukakubaliana naye. Minyoo wote hao wa kunyonya wametokana na babu mmoja, na babu huyo alikuwa mnyoo huru.

Kwa hiyo Turbelaria si ukoo kamili. Ni waliobaki nyumbani baada ya tawi moja kuhama. Jina bado linatumika kwa urahisi wa mazungumzo, na zaidi ya spishi 6,000 za minyoo bapa huru zimekwisha kupewa majina, lakini anayepanga ukoo siku hizi hawezi tena kuuchora kwa kapu hilo.

Hili ndilo jibu nililompa mzee kwa maneno machache: huyu wa kijitoni na yule wa ini ni watu wa ukoo mmoja, lakini yule wa ini ni wa tawi lililobadili ngozi. Huyu hana ngozi ile. Hawezi kukaa tumboni mwako hata ukimmeza. Atasagwa kama nyama nyingine yoyote.

Wa bara na wa pwani

Ndani ya minyoo huru kuna mafungu mengi, na majina mengi yametokana na tumbo. Arnold Lang, Mswisi aliyefanya kazi Napoli na kuandika kitabu kikubwa kuhusu minyoo bapa wa ghuba ile mwaka 1884, ndiye anayehusishwa na majina mawili makubwa. Trikladi ni wenye utumbo wa matawi matatu. Polikladi ni wenye utumbo wa matawi mengi. Planaria wa Konoin ni trikladi. Wale wazuri wenye rangi za kanga tunaowaona miambani nyumbani Pwani maji yakipwa ni polikladi.

Trikladi wenyewe nao waligawanywa mwishoni mwa karne ya 19 kwa kufuata makazi: wa baharini, wa maji baridi na wa nchi kavu. Mgawanyo rahisi, na ulidumu takriban miaka mia. Mwaka 1998 vinasaba vikasema vingine. Baadhi ya planaria wa maji baridi, wale wa ukoo wa *Dugesia*, walionekana kuwa karibu zaidi na minyoo wa nchi kavu kuliko walivyo karibu na wenzao wanaokaa nao mto mmoja. Ikabidi wa mtoni na wa nchi kavu wawekwe pamoja chini ya jina jipya, Kontinentikola, yaani wakazi wa bara.

Nilicheka nilipokumbuka hilo nikiwa nimesimama kwenye kituo cha chai. Huku Bomet mimi ni "Mswahili", kwa sababu ya kofia yangu na wali wa nazi. Nikirudi Msambweni likizo, watoto wa mtaani wananiita "mtu wa bara" kwa sababu nimezoea kuvaa sweta. Mama yangu alikuwa Mdigo na hakuna aliyemuuliza. Kumpanga kiumbe kwa pale ulipomkuta ni haraka, na mara nyingi ni kosa.

Kuna hata fungu zima lililofukuzwa nyumbani. Minyoo wadogo waitwao Akoela, maana yake wasio na uwazi wa tumbo, walihesabiwa kuwa minyoo bapa kwa miaka mingi kwa sababu wanafanana nao. Mwaka 1999 watafiti walitangaza kwamba vinasaba vyao vinawatenga: hawa ni tawi la mbali kabisa, waliofanana na minyoo bapa kwa umbo tu. Sura ilidanganya wataalamu kama ilivyonidanganya mimi.

Kanuni za kumpa mnyoo jina

Mtu anaweza kuuliza, nani mwenye haki ya kutoa jina? Majina ya wanyama yana sheria zake za kimataifa, na hesabu inaanzia kitabu cha Msweden Carl Linnaeus, toleo la mwaka 1758. Kila spishi ina jina la sehemu mbili: la kwanza la jenasi, la pili lake mwenyewe. Anayelitoa lazima alichapishe pamoja na maelezo, na siku hizi lazima ataje mfano mmoja uliohifadhiwa ambao utakuwa shahidi wa jina hilo milele. Likiwa limetolewa mara mbili na watu wawili, la kwanza ndilo linaloshinda.

Kuna ishara ndogo inayofaa kujulikana. Chukua polikladi mweusi mwenye mistari na madoa kama zulia la Uajemi, *Pseudobiceros bedfordi* (Laidlaw, 1903). Laidlaw ndiye aliyempa jina mwaka 1903. Mabano yanasema kwamba alimweka jenasi nyingine, na mtu mwingine akamhamisha baadaye. Mnyoo hakubadilika. Kilichobadilika ni ufahamu wetu wa jamaa zake.

Jina pia linaweza kusema uongo wa makazi. *Bipalium kewense* ni mnyoo wa nchi kavu mwenye kichwa kama koleo. Moseley alimwandika mwaka 1878 kutoka nyumba ya vioo ya bustani ya Kew, London, na akamwita wa Kew. Kumbe asili yake ni Asia ya kusini mashariki. Alikuja na udongo wa miche, na kwa miche hiyo hiyo amesambaa nchi nyingi za joto duniani. Jina limebaki la mahali alipokamatwa.

Na kwa minyoo bapa kazi si nyepesi. Wengi hawatofautiani kwa sura. Mtaalamu hulazimika kumkata mnyoo vipande vyembamba mno, kuvipaka rangi na kusoma umbo la viungo vya uzazi kwa hadubini. Planaria wengine huzaliana kwa kujigawa tu, bila viungo hivyo, na hapo hubaki vinasaba peke yake. Ndiyo maana kwenye mkutano nilisema "planaria, trikladi wa maji baridi" na nikakomea hapo. Kumpa jina kamili kwa kumtazama kwenye sahani kungekuwa kurudia kosa langu la kwanza.

Sita nane na thelathini na moja nane

Nilijua kwamba nilikuwa nimeanza kuwachosha watu. Mzee mchinjaji ndiye aliyenisaidia. Aliwageukia wenzake na kusema kitu kwa Kikipsigis, wakacheka. Kisha akanifasiria: "Nimewaambia ni kama 6/8 na 31/8."

Hizo ni aina mbili za chai zinazotokana na kituo cha utafiti cha Kericho. Machoni mwangu mimi, shamba lote ni kijani kimoja. Mkulima wa huku atakuonyesha kwa kidole: huu ni sita nane, ule thelathini na moja nane, na bei ya kosa anaijua. Akipanda mche usio wenyewe, atauvumilia miaka hamsini. Watu wanaojua kutofautisha miche ya aina moja ya mti hawahitaji kufundishwa kwamba jina ni mali. Wanahitaji tu kuambiwa kwamba jambo lile lile linafanyika kijitoni.

Hata chai yenyewe imehamishwa nyumba. Linnaeus aliuita mti huu *Thea sinensis* mwaka 1753. Mwaka 1887 Otto Kuntze akauweka katika jenasi ya *Camellia*, na tangu hapo ni *Camellia sinensis*. Hakuna aliyeona tofauti kwenye kikombe.

Siku ile dawa ya kupe haikumwagwa. Tulikubaliana mambo matatu. Ng'ombe wasinyweshwe tena pale pale watu wanapochota, bali chini zaidi. Chemchemi izungushiwe uzio. Na maji ya kunywa yachemshwe, kwa sababu maji yasiyo na kichocho yanaweza bado kuwa na kinyesi. Mtoto aliyekuwa akiharisha alipata dawa zahanati akapona. Hakuna aliyethibitisha chanzo, lakini alama za kwato kando ya chemchemi kila mtu aliziona.

Mwanafunzi mmoja alitaka kujua, kama dawa ingemwagwa, planaria wangeisha? Nikamwambia kuhusu Thomas Hunt Morgan, Mmarekani ambaye mwaka 1898 aliwakata planaria vipande vidogo na kuona kila kipande kikiota kichwa na mkia. Tangu hapo hutajwa kwamba kipande cha sehemu moja kwa 279 ya mnyoo kinaweza kuwa mnyoo mzima. Kijana akasema, basi panga si dawa yao. Sumu yenyewe ingewaua wao, lakini ingewaua na wengine wote kijitoni.

Kusoma kijito

Kabla mtu hajaniambia kwamba nimegeuka mtetezi wa minyoo, niseme ukweli wao wote. Kuwepo kwa planaria si cheti cha maji safi. Afrika Kusini kuna njia ya kupima afya ya mto iitwayo miniSASS, ambayo hata wanafunzi wanaweza kuitumia. Kila kundi la viumbe wa majini lina alama zake. Wadudu wachanga wa plekoptera, wanaong'ang'ania mawe kwenye maji baridi yaendayo kasi, wana alama 17, kwa sababu hawavumilii uchafu. Minyoo bapa wana 3 tu. Minyoo wengine, wale wa mviringo wenye pingili, wana 2. Unajumlisha, unagawa kwa idadi ya makundi uliyoyapata, na wastani unakuambia hali ya mto.

Angalia basi hasara ya kuwaita wote "minyoo". Anayesema "kuna minyoo mtoni" hajasema kama mto ni mzima au mgonjwa, wala kama kuna hatari au hakuna.

Jina la nyumbani

Nimekuwa nikilifikiria neno hili tangu siku ile. Kiswahili chetu si maskini wa majina ya viumbe hawa. Tuna chango na tegu kwa wanaotukaa tumboni, ruba kwa anayetunyonya damu, funza kwa anayetuingia kidoleni, nyungunyungu kwa tunayemtia ndoanoni. Tumempa jina anayetudhuru na anayetufaa. Asiyetuhusu tumemwita mnyoo tukapita. Na sisi ndio tuliompa jongoo bahari jina lake, hali si jongoo kabisa.

Minyoo huru wa bahari yetu waliandikwa zamani, ila hawakuandikwa na sisi. Mwaka 1901 na 1902 Mwingereza Cyril Crossland alikusanya viumbe wa bahari Unguja na pwani ya Kenya ya leo. Polikladi wake walifikishwa kwa F. F. Laidlaw, yule yule wa mabano, naye akachapisha sehemu ya kwanza ya maelezo yao katika jarida la Jumuiya ya Wanyama ya London mwaka 1903. Mwaka huo huo ndio mche wa kwanza wa chai ulipandwa Kenya, kule Limuru. Chai imefika kila kikombe cha Pwani. Majina ya minyoo yale yamebaki kwenye jarida.

Na wale walioinua mawe pamoja na Crossland, waliomwonyesha wapi pa kukanyaga na wakati gani maji yanapwa? Nina hakika walikuwa na la kusema kuhusu kiumbe bapa mwenye rangi anayeogelea kwa kupunga mabawa kama shela ya bibi harusi.

Basi ninaleta ombi kwa wasomaji wa Gazi, Vanga, Watamu, Lamu na Unguja, hasa kina mama wanaotafuta kombe na pweza miambani. Bamvua ijayo, ukimwona huyo chini ya tumbawe, muulize bibi yako anamwitaje. Kama ana jina lake mbali na "mdudu", liandike hapa chini pamoja na mahali ulipolisikia. Nitalifundisha darasani huku Bomet, karibu na la planaria, na safari hii nitatazama mara mbili kabla ya kusema.